Alama Tano za Bwana Afya

Kijiko chake ndicho kilichotangulia. Kabla hajasalimia, kabla hajavuta benchi, Bwana Afya aliingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, na ndani ya kitambaa kulikuwa na kijiko. Alikiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akakilaza mezani juu ya kitambaa chake mwenyewe. Ndipo akasema, "Habari za hapa?" Kufikia hapo wateja wote walikuwa wameacha kutafuna, kila mmoja anatazama kijiko chake.

Meza ilikuwa ya dada yangu, Mama Zuhura, aliyekuwa na hoteli kwenye safu ya nyuma ya soko pale Dodoma. Hoteli kwetu ni popote penye benchi, sufuria na mtu mwenye njaa, usitafute kitanda. Mimi nilikuwa na kibanda cha vyombo mkabala naye, ndiyo maana wakaniita Mama Vyombo. Kutoka kwangu hadi mlangoni kwake ni hatua kumi na nne. Nimezihesabu kwenda, nikazihesabu kurudi zikawa kumi na tano, kwa sababu kurudi nilikuwa nimeshiba.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya kipande cha sabuni sasa walisimama dukani wakichagua rangi ya sabuni. Mimi niliyekuwa na sahani za bati na masufuria ya kuziba nikajikuta nauza vikombe vya kioo na chupa za chai zenye maua mekundu, ambazo joto lilikuwa linatoka kabla ya mteja. Na kila mwenye masufuria mawili alifungua hoteli. Kwenye safu ile ya nyuma zilikuwa tatu. Kabla sijapata muda wa kuzihesabu mara ya pili zikawa kumi na tisa. Ndipo tukaletewa Bwana Afya, mkaguzi wa usafi.

Jina lake niliwahi kuliona kwenye karatasi, na sitaliandika. Pale sokoni jina lilikuwa kazi. Alikuwa mfupi, amevaa koti la kijivu kiangazi na masika, na baiskeli yake aliisukuma zaidi ya alivyoipanda, maana juu ya baiskeli, alisema, mtu haoni mifereji. Wazee wa vijijini waliokuja kuuza karanga aliwasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na kuwashika mkono mmoja mmoja. Sisi wa mjini alitusalimia kwa kutazama kucha.

Alikuwa na maneno yake machache aliyoyatumia kama wengine wanavyotumia chumvi. Mwenye hoteli akimwonyesha cheti cha zamani chenye muhuri, alikirudisha: "Karatasi haina pua." Mpishi akiapa kwa mama yake mzazi kwamba nyama ni ya leo, alisema, "Mwache mama apumzike, tuiulize nyama." Na kuhusu maji alikuwa na lake, "Maji hayapigi hodi." Hilo ndilo lililomgombanisha na nusu ya mji.

Dodoma maji ni mgeni anayekuja bila barua. Kila mtu aliacha koki wazi na ndoo tupu chini yake, ili yakija, ndoo ipige kelele na mwenyewe atoke mbio. Bwana Afya hakuweza kupita koki iliyo wazi. Alisimamisha baiskeli, akainama, akaifunga. Alifunga za watu, za shule, za msikiti na za kanisa bila ubaguzi.

"Bwana Afya!" mama mmoja alimpigia kelele siku moja, khanga iko kwapani. "Jana yamekuja, umenikosesha maji ya wiki nzima!"

"Shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo. Umenikosesha maji!"

"Marahaba. Yangekuja haupo, yangemwagika bure, tungekanyaga tope siku tatu. Nimekuokoa na tope."

"Tope ningelichemsha nikanywa!"

Akacheka, lakini kesho yake akapita, akafunga tena. Kumbuka tabia hiyo, nitairudia.

Mtu asiyemjua angedhani ana roho ya chokaa. Lakini Jumapili moja nilipeleka sahani za kukodisha kwenye harusi ya huko Mkonze, na chini ya kivuli cha ghala nikamwona amekaa na wazee upande wa mkewe, kata ya pombe inazunguka. Kata moja. Nilihesabu midomo tisa, nikahesabu tena, tisa. Yeye alikuwa wa tano. Alipokea kwa mikono miwili, akanywa, akafuta mdomo kwa kiganja, akampa wa sita.

Nikamsogelea taratibu. "Bwana Afya, kijiko kiko wapi leo?"

Hakushtuka. "Mama Vyombo, hapa nikitoa kijiko nitakuwa nimewaambia wakwe zangu kwamba wao ni wachafu."

"Na sisi je?"

"Ninyi nawaambia kila siku."

Kwenye biashara sijawahi kukutana na mtu mgumu kama yeye. Mimi nimewahi kumpunguzisha bei mng'oa meno, jino langu likiwa nusu limetoka. Lakini Bwana Afya hakuwa na mahali pa kushika. Mwaka wa kwanza nilimpelekea chupa ya chai, mpya, yenye maua, nikamwambia ni zawadi ya nyumbani, haina neno. Alishukuru sana. Kesho yake akairudisha, imejaa chai ya maziwa yenye tangawizi.

"Sasa hii chai ya nini?" nikamuuliza.

"Chombo hakirudi kitupu. Hujafundishwa?"

Nikainywa. Ilikuwa nzuri, na hiyo ndiyo iliyoniudhi.

Kwa dada yangu alikula kila siku ya kazi, saa saba na nusu, wali maharage, na Ijumaa ugali na mlenda. Hakula kwingine. Ukimuuliza sababu, alikuonyesha jiko. Dada alinunua maji ya madumu kutoka kwa wasukuma mikokoteni, na hakuna tone lililogusa sahani bila kuchemka. Alikuwa na masufuria mawili makubwa, la kuoshea na la kusuuzia, na yote yalifuka moshi tangu asubuhi mpaka mikono yake ikawa na rangi ya tangawizi iliyomenywa. Mkaa aliotumia kuchemsha maji ulikuwa karibu sawa na wa kupikia. Nilimwambia hiyo si biashara, ni hija.

"Wewe uza vyombo," alinijibu. "Mimi nitaviosha."

Basi ikaja fomu. Ilitoka juu, sijui juu ya wapi, lakini ilionekana imeandikwa na mtu ambaye maji hayajawahi kumkatikia. Ilikuwa na maswali ishirini, alama tano kila swali. Je, kuna dari? Je, kuna vigae ukutani? Je, kuna jokofu? Je, kuna bomba? Jibu ni ndiyo au hapana. Kuanzia alama themanini ni Daraja la Kwanza, kuanzia hamsini ni Daraja la Pili, chini ya hapo ni la Tatu. Na daraja lilipaswa kuandikwa kwenye kadi na kubandikwa mlangoni, watu wote wasome, na orodha nzima ipigiliwe kwenye ubao wa lango la soko.

Ofisi yake haikuwa na kadi. Alikuja kwangu kuomba maboksi ya vikombe, yale magumu meupe ndani. Nikampa saba bila kumtoza. Ndiyo mara pekee nimetoa kitu bila kubishana. Alikaa kwenye kibao mbele ya kibanda changu, akayakata kwa wembe na rula, akaandika kwa wino mweusi, herufi zake zimesimama wima kama askari wa gwaride. Nilizisifia. Kadi ya dada yangu ilikatwa kwenye boksi langu, machoni pangu, na mimi nimeshika rula upande wa pili.

DARAJA LA TATU. Alama arobaini na tano.

Nilimwomba fomu nikahesabu. Ndiyo tisa, hapana kumi na moja. Nikahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Tisa.

"Maji ya kuchemsha umeyaweka wapi?" nikamuuliza.

"Hayajaulizwa."

"Wewe unakula hapo miaka mitatu."

"Na mimi sijaulizwa." Alikuwa anafuta wino kwenye kidole, hanitazami. "Karatasi haina pua, Mama Vyombo. Ndiyo kasoro yake. Lakini nikianza kuiazima pua yangu kwa ninayempenda, kesho nitamwazima nani macho?"

Dada alibandika kadi mwenyewe, kwa uji wa ngano, akainyoosha kingo isiingie mende. "Arobaini na tano ni nyingi," akasema. "Shuleni nilikuwa napata kumi na mbili."

Mkabala na mwisho wa safu ilikuwepo Hoteli ya Vigae. Hilo si jina lake, ni sisi tuliiita hivyo, kwa sababu kuta zake zilikuwa vigae mpaka dirishani na mwenyewe alivifuta kila mgeni akipita. Alipata alama tisini na tano. Aliiwekea kadi yake fremu ya kioo.

Sasa hapa sharti uelewe sisi ni watu wa namna gani. Mji wetu umelelewa na reli. Mtoto wa hapa anajua madaraja ya treni kabla hajajua kusoma: la kwanza ni la wakubwa, wanalala wawili wawili kwenye godoro, la tatu ndiko tuliko sisi, na mizigo yetu, na kuku. Hakuna anayejiuliza la tatu ni safi au chafu. Ni letu. Basi watu walipoziona kadi walijua mara moja wakae wapi.

Nilikuwepo siku mfanyabiashara wa samaki kutoka Mtera aliposimama mbele ya Hoteli ya Vigae, akasoma kadi kwenye fremu, akavua kofia kwa heshima, akaendelea na safari yake mpaka kwa dada.

"Mbona hukuingia kule?" nikamuuliza.

"Mimi na la kwanza wapi na wapi? Pale hata kunawa watanitoza nauli."

Ndani ya wiki mbili, za daraja la tatu zilijaa mpaka watu wakala wamesimama. Kwa dada ilikuwa neema. Lakini zile nyingine nane za la tatu, kusema kweli, zilistahili. Kuna moja mbuzi alilala juu ya gunia la mchele na mwenye hoteli alimsogeza ili apime kilo. Huko nako walijaa, na vyoo vya soko vilianza kuwa na foleni ambayo sijaiona tangu siku za sabuni.

Bwana Afya alizunguka safu nzima akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Jamani, hii si treni! La tatu maana yake ni chafu! Chafu!"

Mzee mmoja akamjibu bila kuinua kichwa kwenye sahani, "Bwana Afya, hata la tatu la treni ni chafu. Lakini linafika."

Safu nzima ikacheka. Yeye akaja akakaa kwenye kibao changu, koti limelowa mgongoni, na kwa mara ya kwanza nikamwona hajui mikono aiweke wapi. "Nimewaandikia sumu," akasema, "wamesoma bei."

Mwenye Vigae naye alikuwa amekaa peke yake na kuta zake zinazong'aa, na mtu aliyekaa peke yake hupata muda wa kwenda ofisini. Alikwenda. Sikuwepo, sijui alisema nini. Tulichokiona ni tangazo jipya langoni: hoteli zote za daraja la tatu zipewe siku thelathini, zipande daraja au zifungwe. Kadi iliyopaswa kuwaonya walaji ikawa hukumu ya wapishi. Chini ya tangazo ilikuwapo sahihi ya mkubwa wake, lakini mwandiko ulikuwa ule ule wa gwaride. Yeye ndiye aliyetumwa kuliandika.

Dada alihitaji alama tano. Swali moja. Niliyapitia yale kumi na moja ya hapana kama mtu anayetafuta chawa. Dari? Paa lile lingeanguka kabla ya dari kupanda. Vigae? Jokofu? Umeme wenyewe tulikuwa tunausikia kwa jirani. Choo cha wateja kilihitaji kiwanja. Kila nilipohesabu nilirudi kwenye swali la kumi na nne. Je, kuna bomba?

Bomba halisi lingetoka barabarani, mita sitini na kitu, na barabarani kwenyewe hakukuwa na maji. Lakini fomu haikuuliza maji.

Nilikwenda kwa wauza vyuma chakavu, nikanunua koki ya shaba. Fundi akaipachika kwenye ukuta wa matofali kwa saruji, juu ya beseni, akaipaka mafuta ikang'aa. Nyuma yake hakukuwa na kitu. Dada alisimama mlangoni mikono imekunjwa muda wote fundi anapiga nyundo.

"Mdogo wangu, hii ni nini?"

"Alama tano."

"Na akifungua?"

"Atakuta maji yamekatika. Mji mzima yamekatika. Nani atatofautisha maji yaliyokatika na maji yasiyokuwepo?"

Dada alikwenda akatundika khanga kwenye ile koki, kama mtu anayemfunika mgeni aliyekuja uchi.

Bwana Afya alikuja siku ya ishirini na nane. Kijiko hakukitoa. Alikuwa na fomu mpya chini ya kwapa. Aliona khanga, akaitoa taratibu, akaitazama koki, na uso wake, sitasahau, ulifurahi. Nadhani kwa pumzi moja aliamini. Akaifungua. Kimya. Akaifunga, akaifungua tena.

"Yamekatika," nikasema.

"Najua yamekatika." Akaweka sikio ukutani, akagonga kwa kifundo cha kidole. Akatoka nje, akazunguka nyuma. Tulimsikia akisogeza mabati ya jirani. Aliporudi alikuwa na vumbi magotini.

"Imeunganishwa na nini?"

"Na subira," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Akamgeukia dada. "Mama Zuhura, ulijua?"

"Nilijua," dada akasema. Alikuwa anatazama masufuria yake.

"Fomu inauliza kama kuna bomba," nikadakia. "Hili ni nini, mswaki? Tano tu, Bwana Afya. Nimekuomba kumi? Nimekuomba la kwanza?"

"Nisingekuwa nimepiga magoti nyuma kule, ningekupa."

"Sasa nani alikutuma upige magoti?"

Akaandika hapana. Mkono wake haukuwa wa gwaride siku hiyo. Hapo ndipo ulimi wangu ulipofanya kazi ambayo hakuna aliyeutuma.

"Na kule kwenye vigae? Bomba lao uliliandikia ndiyo. Uliwahi kulifungua?"

Alisimama. Kalamu ilibaki hewani. Niliona anakumbuka, na kila alichokumbuka kilimtoka usoni kimoja kimoja.

"Lilikuwa limefungwa," akasema. "Limefungwa vizuri. Nikafurahi."

Mtu aliyefunga koki za mji mzima alikuwa amekuta moja ambayo tayari imefungwa, akampenda mwenye hoteli kwa ajili hiyo, akampa alama. Hakuwahi kuifungua.

Alikwenda moja kwa moja. Mimi nyuma yake, na nyuma yangu nusu ya safu, maana sokoni mtu akitembea haraka bila kuibiwa ni sinema. Mwenye Vigae akatoka akifuta mikono. "Karibu, Bwana Afya, chai?" Bwana Afya akaikamata koki, akazungusha. Ikakohoa, maana nyuma yake bomba lilikuwepo kweli. Ikatoa vumbi jekundu kidogo, halafu buibui, mzima, akashuka kwa uzi wake bila haraka. Nyuma ya jiko kulikuwa na pipa moja lisilo na mfuniko. Sahani zilizamishwa humo tangu asubuhi, na juu ya maji kulikuwa na ngozi unayoweza kuikunja. Hakuna swali la pipa kwenye fomu.

Asubuhi iliyofuata tulikuta kadi mpya, zote mbili kwa mkono wake. Ya Vigae ilisema: DARAJA LA KWANZA. BOMBA LIPO. MAJI HAYAPO. Ya dada ilisema: DARAJA LA TATU. BOMBA HALIPO. MAJI YAMECHEMSHWA.

Hakubadilisha alama hata moja. Aliongeza tu kile ambacho hakuulizwa. Watu walisoma kwa sauti, wakasomeana. Waliingia Vigae, wakakaa, mhudumu akija wanasema, "Tunaomba kuona maji." Kwa siku tatu nilimwona Bwana Afya akitembea safu ile kichwa juu, na nikadhani, mimi ninayejua kupima kila kitu, kwamba tumeshinda.

Siku ya nne kadi zote ziliondolewa. Alikuja kijana wa ofisini ambaye hatukumjua, na kadi nyingine zilizopigwa chapa, na tukaambiwa fomu haina sehemu ya maoni. Vigae akarudishiwa fremu yake. Zile tisa za la tatu zikafungwa alasiri hiyo hiyo, pamoja na ile ya mbuzi na ile ya dada yangu, mnyororo mmoja na kufuli za namna moja.

Kabla ya kufungwa dada aliosha. Aliosha masufuria, akaosha benchi, akaosha meza juu na chini, kwa maji ya moto yanayofuka, na yule kijana mwenye mnyororo akamsubiri kwa sababu hakujua afanye nini na mwanamke anayeosha. Mimi nilisimama hatua kumi na nne. Sikuwa na bei ya kutaja.

Bwana Afya alihamishiwa Mtera kukagua samaki. Alipita kuniaga na baiskeli. Alikuwa amebeba boksi langu moja, lililobaki bila kukatwa.

"Nimekurudishia."

Nilitaka nisilipokee. Nilitaka nimwambie kwamba tano tu, alama tano, na dada yangu angekuwa na benchi lake, na yeye angekuwa na wali wake. Alijua nataka kusema hivyo, akasubiri niseme. Nikapokea boksi, likawa zito. Ndani mlikuwa na karanga za kukaanga, zimejaa mpaka juu.

Dada hajawahi kumlaumu, na hilo nimelibishania naye miaka. "Angeniandikia tano za uongo," husema, "kesho yake angetoa kijiko mezani kwangu kwa sura gani? Na mimi ningempakulia kwa sura gani?" Mimi humwambia sura haipangishi chumba. Yeye huendelea kufunga ndoo zake. Tangu siku ile anauza chakula cha ndoo, anakitembeza kwenye majengo yanayojengwa mtaa wa Kikuyu. Hana mlango, kwa hiyo hana pa kubandikwa kadi. Magoti yanamuuma. Maji anachemsha vilevile.

Hotelini kwake sasa ni duka la vipuri vya baiskeli. Koki bado iko ukutani. Fundi wangu alifanya kazi nzuri kuliko bei yake. Mwenye duka alivunja kibaraza cha mbele, ukuta ukabaki njiani, na kila anayepita anaizungusha. Wageni hujaribu kunywa. Mimi nawaangalia toka kibandani, siwaambii kitu.

Mwezi uliopita nilimwona mzee ameegemea baiskeli mbele ya ukuta ule. Koti la kijivu. Nilimjua kabla hajageuka.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, Mama Vyombo." Akatazama kucha zangu, mazoea. "Nimestaafu. Nafuatilia karatasi zangu ofisini, nimeambiwa nirudi kesho. Jana pia niliambiwa kesho."

"Umekula?"

"Mama Zuhura hajambo?"

"Hajambo. Yuko Kikuyu, kwenye majengo. Twende, si mbali."

Aligusa mfuko wa shati. Kitambaa kilikuwepo, nilikiona kona yake. Akatikisa kichwa. "Bado anachemsha?"

"Anachemsha."

"Mara mbili?"

"La kuoshea na la kusuuzia."

"Haya," akasema. "Haya basi."

Mimi nina maneno ya kumpunguzisha mtu shati lake mwenyewe, na sikupata hata moja. Ndipo akaiona koki. Mpita njia alikuwa ameiacha wazi, mdomo unatazama chini, mkavu, na chini yake mchanga mkavu. Bwana Afya akaegemeza baiskeli ukutani. Akainama, polepole kwa ajili ya kiuno, akaishika, akaifunga.

"Msiziache wazi," akasema. "Maji hayapigi hodi."

Nyuma ya ukuta ule aliwahi kupiga magoti. Anajua kilichopo kuliko mtu yeyote mjini, kuliko hata fundi. Nilifungua mdomo.

"Ndiyo, Bwana Afya," nikasema.

Akaijaribu kwa kidole kuona kama imekaza. Haikumridhisha, akaikaza tena.